Walivyolikata Jina la Shitanda

Jumamosi, 11 Oktoba 1997

Mvua haijapumzika wiki nzima. Kaka yangu Were alipita asubuhi akanikuta juu ya stuli nikipaka bango la duka la dawa, mikono yote buluu, na bado akaniuliza siku hizi nafanya nini.

"Si unaona, napaka bango."

"Hapana, Milcah. Naulizia kazi."

Ninaanza kuandika humu ili hasira ipate pa kukaa, kwa maana chumba hiki nyuma ya kinu cha mahindi ni kidogo na hatutoshei wawili.

Kwa wenye maduka wa Kakamega mimi ni yule msichana wa mabango. Mabango ndiyo yanayonilisha. Lakini kazi yangu hasa bado haina jina hapa. Ninanasa sauti kwa redio kaseti yangu, kisha ninachora picha kwenye mbao, na nyuma ya kila ubao ninafunga spika ndogo. Unasimama mbele ya picha ya kinu, unakisikia kinu. Unasimama mbele ya msitu, hondohondo anapiga kelele juu ya kichwa chako. Mchungaji amekubali kunipa ukumbi wa kanisa katikati ya Desemba niwaonyeshe watu. Yeye anadhani ni sinema.

Ubao ulio moyoni mwangu ni wa Shitanda. Alikuwa akichimba dhahabu upande wa Malinya, na mwezi wa nane shimo likaporomoka likamfunika. Sikumjua akiwa hai. Nilifika matangani Khayega kwa sababu niliwahi kuchora msalaba wa jirani yao, nikamsikia mama yake, Kukhu Rasoa (kukhu kwetu ni bibi), akimlilia. Nimesikia vilio vingi. Huu ulikuwa wimbo aliokuwa akiutunga palepale, mstari baada ya mstari, kila mstari ukianza na jina la mwanawe. Shitanda, nani amekufungia mlango wa udongo? Shitanda, maji yako ya kuoga yamepoa. Shitanda, toka nje, watu wako wamefika.

Baada ya maziko nilirudi nikamwomba aniimbie niunase. Mkaza mwanawe, Rachael, mjane wa Shitanda, alikuwa ameketi mlangoni na mimba yake ya kwanza.

"Watu wa hapa wanasahau haraka," Kukhu alisema. "Shika. Lakini usiucheze mahali watu wanakula ama wanacheza ngoma. Na asiimbiwe mtu mwingine."

Nikamwahidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Bango limekwisha. Mwenye duka anasema hiyo siyo buluu aliyoitaka. Ni ileile.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeshinda kwa Wanyama. Ana duka la kupigisha chapa na kutoa nakala karibu na posta, na ndiye mtu pekee ninayemfahamu mjini aliye na kompyuta inayoweza kushika sauti. Tumefanya kazi pamoja tangu mwaka juzi. Mimi namchorea kadi za harusi, yeye ananiachia kompyuta jioni wateja wakiisha. Amenifundisha yote ninayoyajua kuhusu mashine hiyo, na hajawahi kunicheka.

Leo tuliingiza kaseti ya Kukhu ndani. Sauti yake ilitokea kwenye kioo kama milima na mabonde. Pale anapotaja jina la mwanawe mlima unachongoka, halafu kuna bonde tambarare anapovuta pumzi. Tulikuwa tukiondoa mvua, maana siku ile mabati yalikuwa yakipigwa. Wanyama ana mkono mwepesi. Anakata kelele bila kuijeruhi sauti.

"Huyu mama anasema nini?" aliniuliza. Yeye ni Mbukusu, Kiisukha kinampita mahali pengine.

Nikamfasiria mstari kwa mstari. Nikamweleza Shitanda ni nani na alikufaje, na masharti ya Kukhu nikamweleza. Alitoa kofia. Hilo lilinipendeza.

Alhamisi, 30 Oktoba

Barabara ya Khayega imekatika mahali pawili. Redio inasema mvua hii ina jina la kigeni. Majirani wanaiita Elinino kama mtoto wa mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike polepole.

Leo ilikuwa siku ya soko Khayega. Nilienda kununua vitambaa kuukuu vya kufutia brashi, na nilitaka kumwonyesha Kukhu mchoro wa kwanza wa ubao wake. Nilimkuta mahali pake pa siku zote, na ndizi zake juu ya gunia, Rachael kando yake amenyoosha miguu iliyovimba. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Kukhu aliutazama mchoro, akasema nimempa Shitanda masikio makubwa kuliko aliyokuwa nayo. Tukacheka, hata Rachael.

Ndipo likaja gari la kampeni, pikapu nyeupe yenye vipaza sauti juu na picha ya Mulusa mlangoni. Mulusa anagombea udiwani. Ni mtu wa hapa kwa jina, amekulia Nakuru, amerudi mwaka huu na viatu vyeupe. Gari lilisimama katikati ya soko, zikasikika ngoma za isukuti, kisha juu ya ngoma ikapanda sauti ya Kukhu Rasoa.

Niliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Nimeisikiliza sauti hiyo kuliko ninavyoisikiliza yangu.

Mulusa, toka nje, watu wako wamefika. Mulusa, toka nje, watu wako wamefika.

Mstari huo mmoja, unazungushwa tena na tena. Ile mistari ya udongo na ya maji yaliyopoa haikuwepo. Na jina la Shitanda halikuwepo. Mahali pake sauti ya Kukhu, sauti yake mwenyewe na mkwaruzo wake wote, ilikuwa ikimwita mtu ambaye hajawahi kumtaja maishani.

Kukhu alishika kichane cha ndizi mkononi asikiweke chini. Alikuwa akikitazama kipaza sauti kama mtu anayemtazama mbwa asiyejulikana.

Muuza nyanya wa kando ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe ulimwimbia Mulusa, Rasoa? Na kilio cha mtoto wako?"

"Sijamwimbia mtu," Kukhu alisema.

"Si ni wewe huyo tunaskia?"

"Ni mimi," Kukhu akasema. "Lakini sikuimba."

Nani angeelewa jibu hilo? Wanawake wakaanza kugeuka mmoja mmoja. Mwingine akasema kwa sauti kwamba siku hizi hata matanga yana bei. Vijana juu ya gari wakaanza kucheza. Walicheza kwa wimbo wa maziko ya Shitanda, kiuno na mabega, na watoto wa sokoni wakawafuata nyuma wakicheza pia.

Rachael aliinuka kwa shida, akasimama mbele yangu.

"Nani alikuwa na hiyo kaseti?"

"Rachael, mimi sijui jinsi..."

"Sijakuuliza unajua nini. Nimeuliza nani alikuwa nayo."

Nikasema ni mimi. Akauchukua mchoro kwenye mapaja ya Kukhu, akanirudishia mkononi bila kuukunja, na hiyo iliniuma kuliko kama angeuchana. Wakafunga gunia wakaondoka, soko likiwa bado bichi, ndizi hazijauzwa hata moja.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeenda kwao kuomba radhi na kueleza. Rachael alikuwa uani, hakunifungulia.

"Kukhu amelala," alisema. Kulikuwa mchana kweupe.

"Nitarudi."

"Ukirudi, rudi na jina la bwanangu."

Jumatatu, 10 Novemba

Nilikuwa mlangoni kwa Wanyama kabla hajafungua. Alinisalimu vizuri. Akaniambia ingia, kuna kitu nataka uone, na kweli alinionyesha: kompyuta mpya, kubwa, bado ina maplastiki, na mashine ya kuchapa rangi kando yake. Watu wa Mulusa walileta wiki iliyopita. Furaha ilimzuia hata kuniona uso.

"Wimbo wa Kukhu umeupeleka wapi?"

"Ah, umeshausikia," alisema. "Keti kwanza."

Sikuketi. Yeye aliketi, akafungua faili, akanionyesha. Alinionyesha kwa fahari, hilo sitalisahau. Pale palipokuwa na mlima wa jina la Shitanda alikuwa ameung'oa. Mu-lu-sa ni silabi tatu, Shi-ta-nda ni silabi tatu, kwa hiyo nafasi ilitosha kama kifuniko na sufuria. Hakutafuta mwimbaji. Alizitafuta silabi katika mdomo wa Kukhu mwenyewe. Moja aliitoa katika neno la mlango, nyingine katika neno la mto, ya tatu katika salamu Kukhu aliyonisalimu kabla hajaanza kuimba. Akazishona.

"Sikiza," alisema. "Huwezi kujua mshono uko wapi. Hata Nairobi hawawezi hii."

"Nilikuambia huo ni wimbo wa matanga. Ulitoa kofia."

"Na bado namheshimu mama. Lakini Milcah, mstari wenyewe unasema toka nje, watu wako wamefika. Ni wa kampeni kabisa. Mimi sikuuharibu, niliuboresha."

"Aliniambia asiimbiwe mtu mwingine."

"Alikuambia wewe." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayenirekebisha hesabu. "Na wewe uliunasa tu. Mimi ndiye niliyeusafisha hapa siku nzima. Kama ni mali, ni yetu sote wawili. Na hiyo kompyuta mpya si utaitumia? Si tulikuwa tukiililia?"

Nilimwambia aufute. Akasema hata akiufuta, gari lina kaseti zake, na magari ni zaidi ya moja. Nikamwambia basi aende Khayega akawaeleze wanawake kwamba Kukhu hakuuza kitu. Akacheka kidogo, akasema uchaguzi utapita na watu watasahau.

Nilitaka kuvunja kioo kile. Stuli ilikuwa karibu na mkono wangu. Nilichofanya ni kutoka nje na kutembea hadi msikitini na kurudi, kwenye mvua, nikizungumza peke yangu kama kichaa. Ninajichukia kwa kutoishika ile stuli.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeingia ofisi ya kampeni ya Mulusa. Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake nilipewa chai.

Mulusa ni mtu wa adabu, na adabu yake ni kama mlango uliopakwa mafuta: unasukuma, unateleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, unajua watu wakisikia huo wimbo wanafanyaje? Wanasimama. Wazee wanavua kofia. Hakuna wimbo mwingine unaoweza hivyo."

"Wanavua kofia kwa sababu ni kilio, Bwana Mulusa. Unaimbiwa kama maiti."

Alitabasamu. "Basi nitaishi miaka mingi. Si ndivyo wanavyosema, ukiota umekufa?"

Akaniuliza kama ningependa kumchorea picha kubwa kwenye ukuta wa ghala la Lubao. Amesikia nina mkono mzuri. Nikaiacha chai yake juu ya meza ikiwa na utando.

Chifu nilimwona pia. Alisema wimbo si ng'ombe, hauwezi kuandikwa kwamba umeibwa.

Jumanne, 18 Novemba

Gari limepita hapa asubuhi, mchana na jioni.

Jumatatu, 24 Novemba

Watoto wa jirani wanaruka kamba kwa wimbo ule. Mulusa, toka nje. Wanaruka vizuri sana. Nilifungua dirisha niwakemee, nikalifunga tena. Wao wamekosa nini?

Were alipita. Amesikia habari yote, anasema hii ndiyo faida ya kushinda na mashine badala ya kutafuta bwana. Nikamfukuza. Kaka yangu mkubwa, nimemfukuza kwa mdomo wangu, naye akaondoka na mwavuli wangu.

Jumamosi, 29 Novemba

Kukhu Rasoa amekuja mwenyewe. Amekuja na baiskeli ya boda boda katika matope yale, umri ule, kanga imelowa mpaka kifuani. Nilimpa blanketi na uji. Hakutaka maelezo yangu. Nilipoanza kusema aliinua kiganja.

"Naamkanga alfajiri namwita," alisema. Tulizungumza Kiisukha, ninaandika nilivyoelewa. "Kila siku tangu azikwe. Naketi kwenye jiwe la jikoni namwimbia kidogo, halafu naenda shamba. Jana nimeketi nikafungua mdomo. Unajua nini kimetoka?"

Nilijua. Sikutaka aseme.

"Mulusa. Nimemwita mwanangu nikaita Mulusa. Nimejaribu tena, ikatoka vilevile. Gari limepita mbele ya nyumba mpaka limeingia ndani ya mdomo wangu."

Nilikuwa nikifikiri juu ya heshima na juu ya kazi yangu, na juu ya Wanyama na kompyuta yake. Kumbe huyu mama alikuwa anapotewa na mtoto mara ya pili.

Aliniomba nimchezee kaseti ya kwanza, ile yenyewe. Aliisikiliza akiwa ameinama, midomo ikifuata. Ilipofika mwisho aliniambia nirudishe nyuma. Halafu tena. Alipoinuka alikuwa analishika tena jina la mwanawe.

"Jumamosi ijayo huyo mtu ana mkutano uwanja wa mafahali," alisema. "Nitaenda."

"Kufanya nini, Kukhu?"

"Kumwita mwanangu mbele ya watu. Wewe njoo kama unataka. Mashine yako uiache."

Jumanne, 9 Desemba

Nimetoka kituo cha polisi jana. Kifundo cha mkono kimevunjika, bahati ni wa kushoto, ndiyo maana naweza kuandika. Nitaandika ya Jumamosi kama yalivyokuwa.

Uwanja ulikuwa umejaa licha ya matope. Watu wa hapa huupenda uwanja ule kwa ajili ya mapigano ya mafahali, wangekuja hata kama anayesimama katikati ni mwanasiasa. Mulusa alikuwa jukwaani na viatu vyake vyeupe. Pikapu ilikuwa kando, na nani alikuwa nyuma ya mitambo? Wanyama, na miwani ya jua katika mawingu yale.

Kukhu aliingia na Rachael na wanawake wachache tu wa ukoo wao. Wale wa sokoni walikuwa pembeni, mikono kifuani. Kaseti ilipoanza, Kukhu akatembea hadi katikati, pale mafahali wanapokutana, akavua kitambaa cha kichwa kama siku ile ya matanga, akafungua mdomo.

Hakuna aliyemsikia. Nilikuwa hatua chache tu na sikumsikia. Vipaza sauti vilikuwa vikitoa sauti yake mwenyewe kwa nguvu ya jenereta, yeye akiimba kwa nguvu ya kifua cha bibi kizee. Niliona shingo yake imevimba mishipa. Alikuwa akishindana na nafsi yake na anashindwa. Watu wakadhani amekuja kumshangilia Mulusa, wakampigia makofi. Mulusa akashuka jukwaani akaja akicheza kuelekea kwake, mikono imefunguliwa.

Nilimtazama Wanyama. Alikuwa amemwona Kukhu. Aliona kila kitu, nina hakika, maana alivua miwani. Kisha akainama akaongeza sauti.

Sikumbuki kupanda gari. Nakumbuka mkono wake ukinishika bega na mimi nikimwuma. Nilishika waya mnene zaidi nilioona, nikauvuta kwa uzito wangu wote, nao ukatoka na cheche, nikaanguka nyuma pamoja nao hadi chini kwenye matope. Kijana mmoja wa Mulusa akanikanyaga mkono. Nilisikia mfupa. Nilisikia kwa sababu uwanja mzima ulikuwa kimya.

Na katika kimya kile Kukhu hakuwa amenyamaza. Alikuwa katikati ya mstari.

Shitanda, maji yako ya kuoga yamepoa.

Sauti ilikuwa nyembamba na imechoka, lakini ilifika kila mahali. Mulusa alisimama akiwa bado amefungua mikono. Rachael akaitikia, na tumbo lake mbele yake. Nilimwona yule muuza nyanya akishusha mikono, akafunika mdomo. Wanaume waliokuwa wakichimba na Shitanda walikuwa nyuma karibu na miti. Wakavua kofia, mmoja akaketi chini kwenye maji. Wimbo ukaenda mpaka mwisho wake, na mstari wa toka nje ulipofika, watu waliusikia kwa mara ya kwanza unasema nini. Mama mmoja akapiga yowe la kilio, na baada ya hapo mkutano haukuwa tena wa mtu yeyote.

Mulusa alirudi jukwaani akasema jambo kwa mdomo mtupu, bila kipaza sauti. Mvua ikaanza. Walionikamata walisema nimevuruga amani na kuharibu mali. Nilikaa ndani hadi Jumatatu bila mtu kuutazama mkono huu, na kila nilipoomba daktari niliambiwa nimwombe Mulusa.

Ijumaa, 12 Desemba

Mchungaji ameninyima ukumbi. Anasema kanisa halitaki siasa. Ukuta wa kanisa una picha ya Mulusa tangu mwezi jana.

Jumanne, 16 Desemba

Wanyama amekuja na mkate na alama za meno yangu kifundoni. Alisimama mlangoni. Alisema amewaambia watu wa Mulusa kesi iishe, na itaisha. Alisema hakujua itafika pale.

"Ulimwona akiimba," nilimwambia. "Ukaongeza sauti."

"Nilichanganyikiwa."

"Hapana. Ulichagua."

Aliweka mkate kwenye kizingiti. Nimewapa kuku wa jirani. Nimempoteza rafiki niliyejifunza kwake kila kitu, na hata kumlilia siwezi kwa sababu bado namkasirikia.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimepiga kura. Masanduku yalichelewa kwa matope.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Mulusa ameshinda. Gari limezunguka kushukuru watu, na wimbo wa kanisa. Muuza nyanya ameniambia alimpigia yeye kura, ati mtu amezoea jina. Alisema hivyo akinichagulia nyanya nzuri.

Jumamosi, 17 Januari

Rachael amejifungua msichana. Nilienda kuwaona, na nikachukua kaseti, kwa sababu Kukhu alinitumia habari kwamba anaitaka.

Kukhu alikuwa jikoni, tonge la obusuma, ugali wetu, mkononi. Alisema, "Umeileta? Vizuri. Ifute hapa nikiona."

Kabla sijajibu, Rachael akasema kutoka kitandani, "Hapana, Mama."

Sijawahi kumsikia akimpinga.

"Hiyo ndiyo iliyotuletea yote," Kukhu alisema. "Isingekuwepo, nani angeiba?"

"Na huyu?" Rachael alimwinua mtoto kidogo. "Wewe ukiondoka, atajua vipi baba yake alililiwa hivyo? Mimi sina sauti yako."

Walibishana mbele yangu, na hakuna aliyeniuliza. Miezi yote hii nimekuwa nikisema kazi yangu, kaseti yangu, ubao wangu. Nilikaa kwenye kigoda na mkono wangu wa plasta nikingoja niambiwe. Hasira ilinipanda, kisha ikakosa mtu wa kumwendea.

Mwishowe Kukhu alinawa. "Basi abaki nayo mama wa mtoto. Lakini wewe msichana, mukhana, usibaki na nyingine."

"Sina nyingine," nilisema. "Ila iko iliyo kwa Wanyama, ndani ya kompyuta. Hiyo siwezi kuileta. Haichukuliki kama jembe. Anaweza kuwa nazo kumi, anaweza kuwa ameipeleka Nairobi, na sisi tusijue."

Ilibidi niwaambie. Nilitegemea Rachael anifukuze tena. Aliichukua kaseti akaiweka chini ya mto.

Kukhu alifuta mikono kwa kanga.

"Kwa hiyo yule wa ndani ya kompyuta ataimba siku zote," alisema.

"Ndiyo, Kukhu."

"Basi sisi tuimbe zaidi yake."

Akaketi kwenye jiwe lake. Akaanza, mchana huo huo, sufuria bado ziko chafu. Jina lilitoka lenyewe, halikukwama. Rachael akaitikia kutoka kitandani. Kisha Kukhu akanigeukia akaninyooshea kidevu, akangoja.

Mimi huwa nawasikiliza watu. Sijawahi kuitikia. Kiitikio nilikijua hadi kwenye pumzi, nilikuwa nimekiona kwenye kioo kikiwa milima na mabonde, na bado nilikitoa vibaya, juu mno, kama mlango mbovu. Rachael akacheka, akaniambia nishushe. Nikashusha. Tukaanza tena.

"Shitanda," akaita Kukhu, nasi tukaitikia.